UZI: Chuo kinabadilisha nembo, rangi na makoti bila kuwauliza wanafunzi. Watu wa Lamu na Malindi tulizungumze

#1 – Mwanzisha uzi (Mkomani, Lamu)

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Naomba tulizungumze hili kwa utulivu, maana nyumba nyingi hapa Amu zimepokea kijana aliyerudi likizo na malalamiko yale yale.

Chuo kikuu kimoja cha huku kwetu Pwani kimewapelekea wanafunzi waraka. Jina silitaji, kwa kuwa mazungumzo na uongozi hayajakwisha na sitaki mwanafunzi yeyote aitwe ofisini kwa ajili ya uzi wangu. Waraka unasema kuanzia muhula ujao nembo ya zamani haitatumika tena. Kila bewa, kila kitivo, kila chama cha wanafunzi na kila timu ya mpira iwe na nembo moja, rangi moja na herufi za aina moja. Vyama vilivyokuwa na alama zao viziondoe. Na wanafunzi wa maabara, uuguzi na upishi wanunue makoti na aproni mpya zenye nembo mpya, tena kwa muuzaji mmoja aliyeteuliwa na chuo.

Mpwa wangu anasomea uuguzi huko. Juzi nimelishika koti lake mkononi. Nembo ya zamani imedariziwa kifuani kwa uzi wa kijani, na ndani ya kola mamake ameshona jina la binti kwa mkono ili koti lisipotee kwenye kamba za hosteli. Kitambaa ni kizima. Vifungo vyote vipo. Lina doa moja tu la iodini karibu na mkono wa kushoto, na hilo ni doa la kazi. Koti hili sasa anaambiwa halitaingia wodini.

Nasema wazi msimamo wangu kabla hatujafika mbali: wanafunzi wako sawa kukataa. Sisemi kwamba nembo ya zamani ni nzuri kuliko mpya. Hata sijali sana michoro. Ninachojali ni kwamba chuo kimefanya kana kwamba jina na alama ni mali ya ofisi kuu, ilhali wanaozibeba mwilini, na baadaye kwenye vyeti hadi kuzeeka, ni hawa watoto.

Na si wa kwanza. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha California huko Marekani, chenye mabewa kumi, kilileta alama mpya ya kutumiwa na mfumo mzima. Muhuri wao wa zamani una kitabu kilichofunguliwa, nyota juu yake, na maneno yenye maana ya "Iwe nuru". Alama mpya ilikuwa herufi U iliyochorwa mfano wa ngao, na C ndani yake inayofifia upande mmoja. Wanafunzi na wahitimu walipoiona wakaanzisha ombi mtandaoni, saini zikapita 50,000. Gavin Newsom, aliyekuwa naibu gavana wa jimbo na kwa cheo hicho mjumbe wa bodi ya chuo, naye akajitokeza upande wa waliopinga. Tarehe 14 Desemba 2012 chuo kikatangaza kuwa alama hiyo imesimamishwa.

Kuna jambo katika kisa hicho ambalo watu hulipita haraka, nami naliona ndilo kubwa. Uongozi wa California haukuwa umeufuta ule muhuri. Ulikusudia ubaki kwenye vyeti na hati rasmi, na alama mpya itumike kwenye matangazo na tovuti. Lakini habari iliwafikia wanafunzi vipande vipande. Wengi waliona picha mbili zimewekwa bega kwa bega, ya zamani na mpya, wakaamini moja inakuja kuifuta nyingine. Uongozi ukaanza kujieleza wakati watu wameshakasirika, na maelezo ya mtu anayejitetea hayasikilizwi kama maelezo ya mtu aliyekuja mapema kuomba ushauri.

London nako, miaka miwili baadaye. King's College London, kilichoanzishwa 1829, kilitangaza Desemba 2014 kwamba kitajitambulisha kwa jina la King's London. Sababu walikuwa nayo: waliona neno College linawachanganya watu, wengine wakidhani ni shule tu au sehemu ya chuo kingine. Jina la kisheria lisingeguswa. Wanafunzi na wahitimu walikataa hata hivyo, saini zikapita 10,000, na Januari 2015 mpango ukaachwa.

Sasa turudi nyumbani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME. Hati yake ilitolewa 1948, na waliochangia ujenzi ni pamoja na Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1966 ikawa Mombasa Technical Institute, 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki chini ya chuo kingine, JKUAT, na 2013 ikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili kwa jina la sasa. Majina matano, na wako wazee walio hai walioyaona yote. Mabadiliko ya 1966 yalikuwa na sababu njema, kwani taasisi ilifunguliwa kwa watu wa dini zote. Lakini kaa barazani na wazee waliosoma enzi zile ulitaje jina la kwanza, uone nyuso zao. Kilichowauma si kwamba wengine waliingia. Ni kwamba jina waliloliona likichangiwa pesa liliondoka nao hawakuulizwa.

Naomba michango. Hasa wazazi, wahitimu, na wanafunzi wenyewe. Anayeona nimekosea aniambie kwa hoja.

#2 – Mchangiaji (Shela)

Waleikum salaam kaka. Mimi napinga, na nitasema kwa nini.

Nafanya kazi inayonifanya nipokee barua kutoka vyuo mbalimbali. Chuo kimoja, barua nne, nembo nne. Idara hii ina ngao ya buluu, bewa lile lina mnara wa kijani, chama cha wanafunzi kina mwenge wao. Siku ile ya kwanza unaikuta barua ya kughushi utajuaje? Kuwa na sura moja ni ulinzi wa wanafunzi pia.

Tena vyuo siku hizi vinashindania wanafunzi. Pesa za serikali hazitoshi, HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, inachelewa, chuo kisichojulikana kwa sura yake kitakosa watu. Wasimamizi wanajaribu kukiokoa.

Na wewe wa Mkomani unakaa ndani ya mji ambao umesalimika kwa sababu ya sura moja. Mji wa Kale wa Lamu uliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2001 kwa kuwa kuta ni za mawe ya matumbawe, dari ni za boriti, milango ni ya kuchonga, na mtu haruhusiwi kuweka tu bati na vioo apendavyo. Kila mwenye nyumba angefuata moyo wake, leo tusingekuwa na mji. Mbona hapo sheria ya sura moja tunaisifu, na chuoni tunaiita uonevu?

#3 – Mwanzisha uzi

Shukran ndugu yangu wa Shela, hii ndiyo hoja niliyoitaka.

Mfano wako naukubali, ila uangalie vizuri unakokupeleka. Sheria za Mji wa Kale zinalinda kilichojengwa na wenyeji. Sura ile ilitoka kwetu: fundi wa boriti ni wetu, mchonga mlango ni wetu. Anayetaka kugusa ukuta wa mbele analeta ombi, linatazamwa, anaelezwa. Chuo kimefanya kinyume chake. Kimeziondoa alama zilizotoka kwa wanafunzi, kikaleta moja iliyochorwa mbali, na ombi halikuletwa popote.

Barua za kughushi ni tatizo la kweli, sikatai. Lakini kwa barua na vyeti, chuo kiweke muhuri mmoja, nani atapinga? Bendera ya chama cha wanafunzi Waislamu, au jezi ya timu ya bewa dogo, inamghushia nani?

#4 – Mchangiaji (Hindi, Lamu)

Mimi nizungumzie vyeti, kwa sababu yamenipata.

Cheti changu kina jina ambalo chuo hakilitumii tena, na nembo ambayo hata tovuti yao haina. Wakati kazi za bandari zilipoanza kutafuta watu huku (gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021), niliomba kazi kwenye kampuni moja. Kijana aliyeketi mezani alikigeuza cheti mbele na nyuma. Akatafuta jina kwenye simu yake, akapata chuo chenye jina jingine na alama nyingine. Hakunitukana, aliniambia tu niende nikalete barua ya chuo inayothibitisha kwamba hiki ndicho kile.

Barua ile ina safari yake. Basi kupitia Witu, Garsen na Malindi hadi niliposomea. Ofisini nikaambiwa nilipe ada ya uthibitisho kisha nisubiri. Niliporudi na barua, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa.

Chuo kilipobadilisha jina hakuna aliyekaa chini akauliza: hawa waliotoka jana tutawapa nini mkononi? Karatasi moja tu ingetosha, yenye jina la zamani na jipya na tarehe ya mabadiliko, imepigwa muhuri, kila mhitimu apewe bure. Wanafunzi wakiandika barua yao, hilo waliweke juu kabisa.

#5 – Mchangiaji (mwanafunzi, yuko likizo Langoni)

Wakubwa shikamooni. Mimi ni mmoja wa waliopokea waraka.

Watu wanauliza viongozi wetu wa wanafunzi walikuwa wapi. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ilirekebishwa mwaka 2016, na tangu hapo viongozi hawachaguliwi moja kwa moja na wanafunzi wote. Kila kitivo au idara inachagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaochagua baraza. Kwa hiyo wale wachache wakiitwa kwenye mkutano, wakaonyeshwa picha za nembo mpya na kuambiwa kwamba kila kitu kimeshaamuliwa, inaandikwa kuwa wanafunzi wameshirikishwa. Sisi makomredi wa kawaida tuliiona nembo siku ilipobandikwa getini.

Hatujagoma. Naomba hilo liandikwe vizuri, kwa sababu kuna uvumi kuwa tumechoma kitu. Hakuna kilichochomwa. Tumekusanya saini kwenye mabweni na kwa wahitimu, na kila anayesaini anaandika jina kamili na mwaka wake. Wanaotusumbua si maadui. Wahadhiri wengine wanatuunga mkono kimyakimya.

Kinachotukera kuliko yote ni koti. Nembo ya getini naweza kuipita kila siku bila kuitazama. Koti linatoka mfukoni mwa mama anayekaanga samaki. Na lazima linunuliwe kwa mtu mmoja, kwa bei ambayo haipo kwenye karo tuliyoelezwa tulipojiunga.

#6 – Mchangiaji (Malindi)

Hongera kijana kwa maelezo, na hongera zaidi kwa kutochoma.

Nyongeza fupi kuhusu sheria, maana wengi hawaijui. Chuo kikuu cha umma ni taasisi ya umma. Ibara ya 35 ya Katiba inampa raia haki ya kupata habari, na kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andikeni ombi, liwe na tarehe, mkabidhi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya au wakikataa, mnakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ofisi ya Ombudsman. Hamhitaji wakili kwa hatua hiyo.

Waulizeni mambo mawili tu. Nembo imegharimu kiasi gani na zabuni ilitangazwaje. Na huyo muuzaji mmoja wa makoti alipatikana vipi, kwa kuwa ununuzi wa umma una sheria yake, ya mwaka 2015, na inataka ushindani. Msiulize mambo mengi, mtapewa majibu marefu yasiyo na kitu.

Jambo jingine. Msijipake rangi ya watu wasiotaka mabadiliko. Afrika Kusini, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cape Town ndio waliodai mabadiliko, na sanamu ya Cecil Rhodes, yule mkoloni wa Kiingereza, ikaondolewa tarehe 9 Aprili 2015. Wao walitaka kuondoa, nyinyi mnataka kubakisha, lakini dai ni lile lile: alama za chuo zisiwekwe wala kuachwa bila wanaosomea pale kusikilizwa. Mkilieleza hivyo hata wasiojali nembo watawaelewa.

#7 – Mchangiaji (fundi cherehani, Langoni)

Mimi ni fundi, nashona sare za shule miaka mingi, na haya makoti yameanza kuletwa kwangu. Niseme ninachokiona.

Koti zuri la kitambaa kizito halitupwi kwa sababu ya nembo. Nembo iliyodariziwa inafumuliwa. Unaligeuza koti ndani nje, unakata nyuzi upande wa nyuma kwa wembe mpya, polepole, kisha unazivuta kwa mbele na kibano. Ukikata upande wa mbele utatoboa kitambaa na hapo ndipo watu wanapoharibu. Ukimaliza unalowesha mahali pale, unapiga pasi juu ya kitambaa chembamba, na matundu mengi yanajifunga. Alama hafifu itabaki, hasa kwa koti lililofuliwa sana, kwa hiyo beji mpya iwe pana kidogo kuliko ile ya zamani ili ifunike. Beji moja na kazi yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya koti zima.

Sasa swali langu kwa chuo: kwa nini hamkuuza beji peke yake? Kila mzazi angekwenda kwa fundi wa mtaani kwake. Shule zetu hapa zikibadilisha beji ndivyo zinavyofanya, na watoto hawakosi darasa.

Na yule aliyesema nembo mbalimbali zinaleta ughushi, mimi naweza kudarizi nembo yoyote mtu akinipa picha. Anayetaka kughushi hashindwi na nembo mpya.

#8 – Mchangiaji (Shela)

Bi fundi, kwa hilo la mwisho umenibana, na la beji nakubaliana nawe kabisa. Mimi bado naamini chuo kina haki ya kutaka sura moja kwenye barua, vyeti, tovuti na mabango yake. Sirudi nyuma hapo. Ila sikujua kwamba muuzaji ni mmoja na kwamba koti zima linatakiwa. Hilo siwezi kulitetea.

Nawashauri wanafunzi muachie uongozi sehemu yake. Mkisema hatutaki chochote kipya, mtajibiwa kwamba nyinyi ni watoto mnaopenda mazoea. Mkisema barua na vyeti sawa, vyama na mavazi hapana, mtakuwa mmewapa mahali pa kukubali bila kuaibika.

#9 – Mwanzisha uzi

Nimekaa na mpwa wangu na wenzake watatu jioni hii, tumesoma michango yote. Rasimu ya barua imebadilika kwa sababu yenu.

Dai la kwanza sasa ni la yule ndugu wa Hindi: hati ya bure kwa kila mhitimu na kila mwanafunzi aliyejiunga chini ya nembo ya zamani, inayoonyesha kwamba chuo ni kile kile. Nimefurahi limekaa juu, kwa sababu ndilo litakalomfaa mtu miaka ishirini baada ya sisi kusahau ugomvi huu. Linafuata la makoti: wenye makoti wayatumie hadi wamalize masomo, anayetaka beji mpya aipate peke yake, na muuzaji asiwe mmoja. Vyama vya wanafunzi vibaki na alama zao, vikiandika jina la chuo chini yake kwa namna chuo kitakavyoelekeza. Ombi la habari linakwenda kama barua nyingine, peke yake, kama alivyoshauri ndugu wa Malindi, ili wasije wakajibu moja na kulifunika jingine.

Nembo yenyewe tumeiacha. Vijana walibishana sana hapo. Mmoja alitaka tudai irudishwe ya zamani kama walivyofanya California, na namwelewa, kwani ameichora mpaka kwenye daftari zake. Mwishowe walikubaliana kudai kwamba baraza la chuo lisiidhinishe mabadiliko mengine ya jina, nembo au mavazi kabla ya kuwasikiliza wanafunzi katika mkutano wa wazi kwenye kila bewa, na kumbukumbu za mkutano zichapishwe. Ni dai gumu kuliko kurudisha mchoro, na mimi naliona ni la thamani zaidi.

Wahitimu mlio Amu mnaotaka kusaini, karatasi itakuwa Mkunguni baada ya Alasiri, kesho na keshokutwa. Njooni na mwaka mliohitimu na jina la chuo kama lilivyo kwenye vyeti vyenu. Wa Malindi tunatafuta mtu wa kuishika karatasi huko.

#10 – Mchangiaji (Malindi)

Nitaishika mimi. Nitumie nakala kwa basi la asubuhi.

#11 – Mchangiaji (mzazi, Mpeketoni)

Samahanini, nimechelewa kuingia. Mwanangu anafungua chuo karibuni na ameniambia nitume pesa za koti wiki hii, wanasema mwisho wa kulipa ni Ijumaa. Nitume au nisitume?

#12 – Mchangiaji (mwanafunzi, yuko likizo Langoni)

Mama, kama bado hujalipa, ngoja. Hiyo Ijumaa imo kwenye tangazo la muuzaji, haimo kwenye waraka wa chuo, nimeusoma tena sasa hivi. Mwambie mwanao aje na koti lake la zamani, lifuliwe lipigwe pasi. Na kama pesa zimeshakwenda, hifadhi ule ujumbe wa malipo kwenye simu, usiufute. Tunakusanya nakala za risiti tuziambatanishe na barua.

#13 – Mchangiaji (fundi cherehani, Langoni)

Na wasiokuwa na namna ya kufumua nembo waje kwangu. Kwa wanafunzi wa uuguzi kazi hiyo sitatoza hadi vyuo vifunguliwe.